Kubeba Maneno ya Mtu: Hotuba kwa Walimu Walezi wa Klabu za Habari, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wazazi wangu mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza, shikamooni. Nanyi vijana mlioketi nyuma kabisa karibu na mlango, hamjambo.

Niliombwa nizungumze juu ya kambi za likizo ambako vijana wa sekondari wa Marekani huenda kulala, kula na kujifunza uandishi wa habari, kwa kuwa nilipata kufanya kazi katika kambi moja ya aina hiyo kwa misimu miwili, na kwa kuwa klabu za habari za shule zenu zinafikiria kujaribu jambo hilo hapa Tanga wakati wa likizo ya Desemba. Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze mafanikio na changamoto. Namwomba radhi Katibu aliyeiandika, maana nilipokaa kuandaa maneno haya niliona kila ninachotaka kukisema kinanirudisha kwa binti mmoja wa miaka 17 na sentensi moja aliyoambiwa na mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama. Nitafika kwao. Kwanza inanibidi nieleze walikutania wapi.

Shule za Marekani hufungwa kwa wiki kumi hivi, kati ya Juni na Agosti, na kwa muda huo mabweni ya vyuo vikuu hubaki matupu. Vyuo havipendi vitanda vitupu. Huvijaza vijana wa sekondari waliokuja kwa ajili ya muziki, mpira, hesabu au mdahalo, na baadhi yao kwa ajili ya habari. Taasisi ya vijana ya Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichopo Evanston kando ya Ziwa Michigan, kaskazini tu ya Chicago, ilianza mwaka 1931, na uandishi wa habari ukaja kuwa miongoni mwa masomo yake. Washiriki wake mpaka leo huitwa kwa utani makerubi, jina ambalo yeyote aliyewahi kulala bweni moja na vijana 80 wa miaka 16 atajua kwamba limetolewa na mtu mwenye moyo mzuri sana.

Ipo historia nyingine ambayo ni nzito kuliko hiyo. Julai 1967 miji ya Newark na Detroit iliwaka moto kwa ghasia, na Rais Lyndon Johnson akaunda tume chini ya Otto Kerner, Gavana wa Illinois, ichunguze chanzo chake. Ripoti ya tume hiyo, iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa na sura nzima kuhusu vyombo vya habari. Ilisema kwamba magazeti na redio vilikuwa vikiitazama nchi kwa macho ya mzungu peke yake, na kwamba katika kazi za uandishi na uhariri Wamarekani weusi hawakufika hata watano katika kila mia. Miongoni mwa wahariri na wasimamizi hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka huohuo wa 1968, mfuko ulioanzishwa mwaka 1958 na wahariri wa gazeti la The Wall Street Journal, ambao leo unaitwa Dow Jones News Fund, ulianza kugharamia kambi za likizo kwa vijana wa jamii ambazo vyumba vya habari vilikuwa havizioni. Mwaka 2002 watu waliokuwa wamesoma Princeton, na waliowahi kuhariri gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, walianzisha kambi yao kwa vijana wa familia zenye kipato kidogo, bila ya kuwatoza hata senti. Nalitaja hilo la senti kwa makusudi. Kambi nyingi za Marekani hutoza maelfu ya dola, na kambi inayotoza maelfu ya dola huwafundisha kuuliza maswali watoto ambao tayari husikilizwa.

Wala tusidhani kwamba vijana wa bweni kutoa gazeti ni jambo la kuletewa kutoka ng'ambo. Mwaka 1888, katika shule ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, huko Kiungani, Unguja, shule iliyoanza na watoto waliokombolewa kutoka utumwani, lilichapwa Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Na hapa hapa Tanga, miaka michache baada ya 1900, gazeti la Kiongozi lilitoka katika shule ya serikali ya Wajerumani. Mimi mwenyewe niliyajua haya nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimepita mbele ya majengo ya shule kongwe za mji huu miaka nenda rudi nikidhani ni majengo tu.

Sasa nije kwenye kambi niliyoifanyia kazi. Ilikuwa katika chuo kimoja cha jimbo la Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi yanayokwenda mpaka macho yachoke, katika joto la Julai ambalo linanata mwilini kama la kwetu la Februari. Vijana walikuwa 24. Walikaa nasi wiki mbili, wawili wawili chumbani, na nikiri kwamba siku ya kwanza nilicheka moyoni. Mtoto wa Kitanzania aliyekwisha kulala kidato cha kwanza katika bweni la vitanda vya ghorofa, tranka lake likifungwa kwa kufuli mbili, angeshangaa kuona kijana wa miaka 16 anaagwa na mama yake kwa machozi kwa sababu atalala chumba kimoja na mtu mmoja asiyemjua. Kwa wengi wao huyo jirani wa kitanda ndiye aliyekuwa mgeni wa kwanza kumhoji maishani.

Kicheko changu kilikoma siku ya pili, tulipowaambia wapige simu. Vijana hawa waliandikiana ujumbe kutwa kucha, lakini kumpigia simu mtu mzima wasiyemfahamu na kumwomba maelezo kulikuwa kwao sawa na kuombwa waimbe peke yao msikitini. Kijana mmoja aliandika kwenye karatasi kila atakalolisema, kuanzia na neno "Halo", akatoka nje ya chumba, akasimama chini ya mti na karatasi yake mkononi. Nilimwona dirishani. Alipiga, akasikiliza, akakata. Aliporudi aliniambia kwa furaha isiyofichika kwamba simu haikupokelewa. Nikamwuliza iliita mara ngapi. Akasema mara mbili.

Siku ya tatu tuliwapeleka mjini, kila mmoja alete maneno ya watu watatu, na majina yao kamili yaliyoulizwa herufi kwa herufi. Yule kijana wa simu alienda kwa kinyozi. Akaleta habari nzuri, fupi, yenye harufu ya pauda na mlio wa mkasi, na tukaiweka katika toleo dogo la kambi lililotoka kesho yake. Asubuhi ya siku iliyofuata simu ya ofisi ikalia, nikapokea mimi. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole, akataka kujua ni nani aliyemwona mumewe akinyoa watu siku ya Jumatano, maana yeye alimzika miaka minne iliyopita. Kijana hakuwa amemwuliza kinyozi jina lake. Alilinakili kutoka kwenye kibao cha dukani, na kibao kilikuwa bado na jina la mwenye duka wa zamani. Habari ile niliisoma mimi, nikaipitisha mimi, na sikumwuliza jina lile kalipataje.

Chicago palikuwa na shirika la habari lililoitwa City News Bureau, ambalo liliwafunza waandishi chipukizi kwa zaidi ya miaka mia moja, na msemo wake ulikuwa huu: mama yako akikwambia anakupenda, hakikisha. Katika shule ya uandishi ya Northwestern, kosa moja la ukweli, hata jina lililokosewa herufi, lilijulikana kwa miaka mingi kuwa linatosha kuiangusha kazi nzima mpaka alama ya mwisho. Msemo huo na hukumu hiyo tulikuwa tumewaeleza vijana siku ya kwanza, wakaandika kwenye daftari. Lakini kilichomfundisha kijana yule ni kwamba alikuwa bado yupo. Hakuwa amerudi kwao. Aliomba simu, akaongea na mjane kwa dakika ishirini, mlango umefungwa, kisha akatoka macho mekundu akaenda kwa miguu mpaka dukani kumwona kinyozi. Masahihisho yaliyochapwa katika toleo lililofuata aliyaandika yeye, kwa mistari minne, na aliyaandika upya mara sita.

Hapo ndipo ninapoona faida ya kulala kambini. Katika shule ya kawaida mwanafunzi hukabidhi insha yake Ijumaa, huirudishiwa baada ya wiki mbili ikiwa na alama 12 juu ya 20 na neno "jitahidi", na hakuna anayejua ajitahidi wapi. Kambini habari iliyoletwa saa kumi jioni hurudi saa tatu usiku, katika ukumbi mdogo wa bweni wenye makochi yaliyochakaa na mashine ya soda inayonguruma, na kijana hana pa kukimbilia. Atakuta wenzake wanane wakihangaika na kazi zao, mmoja akisoma yake kwa sauti ili asikie inapokwama, mwingine akilalamika kwamba amefuta sentensi aliyoipenda kuliko zote. Hurudishiwa tena saa nne. Hurudishiwa tena saa tano.

Nasi wahariri tulikuwa na sharti moja ambalo naliona hadi leo kuwa ndilo lililoibeba kambi: mhariri haruhusiwi kubadilisha neno la kijana. Anaruhusiwa kuandika maswali tu pembeni ya ukurasa. Nani kasema? Umejuaje? Ulikuwapo? Alikuwa amesimama au ameketi? Kwa nini yeye na si jirani yake? Sharti hilo ni gumu kwa mhariri, maana kalamu inawasha mkononi, na neno zuri la kumpa mtoto unalo mdomoni. Naomba mlikumbuke sharti hili, kwa sababu nililivunja.

Binti niliyemtaja mwanzoni alikuwa Mkongo. Wazazi wake walitoka Fizi, Kivu ya Kusini, wakavuka ziwa, na yeye alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, akapelekwa Marekani na familia yake akiwa na miaka minane. Iowa ina Wakongo wengi waliofika kwa njia hiyo, na wengi wao wanafanya kazi katika viwanda vya nyama. Mwenzangu mmoja, Mmarekani, mwalimu mzuri sana, aliniambia siku ya nne kwamba ana wasiwasi na binti huyu, kwa kuwa ni mwoga: anapomhoji mtu mzima hutazama chini. Nikamweleza kwamba binti haogopi, anaheshimu. Kwetu mtoto anayemkazia macho mtu wa rika la mama yake huku akimtupia maswali ndiye anayetiliwa wasiwasi. Mwenzangu alifikiri kidogo, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: basi atawezaje kumwuliza mtu mzima jambo ambalo mtu mzima huyo hapendi kuulizwa?

Binti alichagua kuandika juu ya akina mama wa zamu ya usiku. Kwa kuwa vijana hawakuruhusiwa kwenda mbali bila ya mtu mzima, nilimwendesha mimi mpaka kwenye majengo ya kupanga waliyokuwa wakiishi Wakongo, nikaketi pembeni kama dereva. Rekodi ya mazungumzo yale ilikuwa ya dakika 51. Nane za kwanza ni salamu. Habari ya nyumbani, habari ya baba, habari ya wadogo zako, mlifika lini, mlikuwa zoni gani kule Nyarugusu, mama yako ni wa kwa nani. Mwanafunzi mwingine yeyote wa kambi ile angeziita dakika nane hizo hasara. Mimi nilimwona mama yule akivua viatu na kuvisogeza ukutani, akaenda jikoni akarudi na chai, na nikajua kwamba mahojiano yalikuwa yamekwisha kuanza kitambo.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kukata kipande kilekile cha nyama, kwa kisu kilekile, kwa mkato uleule, zamu nzima, katika baridi ya kuhifadhia nyama. Binti alimwuliza, macho yakiwa kwenye zulia, mwili unaendeleaje. Mama akanyamaza. Kisha akanyoosha vidole mbele yake, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Asubui mi naamuka, mikono yangu inabaki inalala."

Sikuwahi kusikia maumivu ya kazi yakielezwa vizuri zaidi ya hapo, na nimekulia karibu na mashamba ya mkonge.

Usiku ule, katika ukumbi wa makochi, binti alileta rasimu yake. Mwanzoni tulibishana juu ya jina, maana mama aliomba asitajwe, naye alikuwa na sababu: bila ya kazi ile hakuna kodi ya nyumba. Tulikubaliana kwamba jina lisitajwe, ila msomaji aelezwe wazi kwa nini halitajwi, na kwamba wahariri wanalijua. Hilo liliisha upesi. Kisha tukafika kwenye sentensi. Binti alikuwa ameitafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno: yeye anaamka, mikono yake inabaki imelala. Nami, kwa hofu kwamba msomaji wa pale mjini ataona ni Kiingereza cha kubabaisha na kumdharau mama yule, nikasema afadhali aandike kwamba mama huamka asubuhi akiwa na ganzi mikononi. Sikumwuliza. Nilimwambia. Nilichukua hata kalamu nikaandika juu ya mstari wake.

Aliitazama karatasi kwa muda. Halafu akasema: "Sawa, mwalimu." Nami, mtu niliyekulia pwani na ninayejua fika kwamba "sawa" ya mtoto kwa mkubwa wake ina maana kumi na tano, niliichukua kuwa ina maana moja.

Habari ilichapwa katika toleo la mwisho, ukurasa wa kwanza. Hapo kambini tulikuwa na uhuru wa kuichapa. Binti aliniambia kwamba shuleni kwake isingetoka, kwa sababu nusu ya mji unaishi kwa kiwanda kile na mkuu wa shule husoma kila ukurasa kabla haujaenda mtamboni. Jambo hili lilizua mabishano marefu kuliko yote ya usiku wa kambi, na nilifurahi kuona vijana wakibishana kwa hoja za sheria. Walijua kwamba kesi iliyowapa wanafunzi wa Marekani haki ya kutoa maoni yao ndani ya shule ilitokea jimboni mwao, Des Moines, ambako mwaka 1965 wanafunzi walivaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, wakafukuzwa kwa muda, na mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya nchi ikasema hawakukosea. Walijua pia kwamba mwaka 1988, katika kesi ya shule ya Hazelwood ya Missouri, mahakama hiyohiyo iliwapa wakuu wa shule mamlaka makubwa ya kuzuia gazeti la shule, baada ya mkuu mmoja kuondoa kurasa mbili zilizokuwa na habari za mimba za wanafunzi na talaka za wazazi. Iowa ikatunga sheria yake mwaka 1989 kuwalinda waandishi wa shule. Binti alisikiliza yote hayo, akasema sheria ipo, lakini mwalimu mlezi wa gazeti lao ana watoto watatu na hajathibitishwa kazini. Hakuna aliyemjibu.

Walimu wangu, sikuja kumsema mkuu wa shule yeyote. Najua gazeti la ukutani likiandika kwamba maharage yana wadudu, simu ya kwanza humfikia nani. Ninachoomba ni kwamba jambo hilo liamuliwe kabla ya vijana kufika kambini Desemba, liandikwe, na wao waambiwe: nani atasoma kabla ya kuchapa, anaweza kuzuia nini, na akizuia atatoa sababu kwa nani. Kijana anaweza kufanya kazi ndani ya mpaka anaouona. Mpaka asiouona humfanya aandike kuhusu usafi wa mazingira tu, kila toleo, mpaka amalize kidato cha sita.

Mengine ni mepesi kuliko mnavyodhani. Vitanda mnavyo. Wapishi mnao. Ngamiani iko hatua chache, na bandarini na kwa wavuvi wa Deep Sea na stendi ya mabasi kuna habari zaidi ya zitakazotosha wiki mbili. Msichukue vijana 60 kwa sababu kila shule inataka nafasi sita. Chukueni 20, na mhakikishe kila watano wana mtu mzima mmoja anayeweza kukaa macho mpaka saa tano usiku bila ya kukasirika. Kompyuta chache zinatosha. Daftari na kalamu ya risasi visikosekane, maana simu huzimika na wino hutanda ukilowa jasho. Wazazi wa mabinti, najua mnachotaka kuniuliza, na jibu ni kwamba watatoka getini wakiwa na mtu mzima, wawili wawili, na watarudi kabla ya magharibi. Lakini watoke. Binti anayehoji watu ndani ya uzio atawahoji wenzake na mlinzi, na mlinzi atachoka siku ya pili.

Kuhusu heshima, lile swali la mwenzangu Mmarekani, nimelibeba miaka yote. Sitaki vijana wetu wafundishwe kutukazia macho. Nimewaona waandishi wakubwa wa nchi hii wakimwamkia mzee, wakaketi chini ya alipoketi yeye, wakainamisha kichwa, wakamwuliza swali la kumtoa jasho, na mzee akajibu. Hilo linawezekana, na salamu za dakika nane ndizo zinazolifungulia njia. Kigumu zaidi ni kijana kutuuliza sisi, wahariri wake, walimu wake, tunapomwambia aandike neno ambalo anajua silo. Kwa hilo sijui mbinu nyingine ila mkubwa kuanza yeye kushika kalamu yake na kuandika maswali tu.

Maana yalinitokea haya. Jumamosi ya kufunga kambi, wazazi walipokuwa wakipakia mizigo kwenye magari, binti aliniomba tumpelekee mama yule gazeti. Tukaenda. Mama alikuwa ametoka zamu, kanga ya nyumbani begani, akalipokea kwa mikono miwili. Hakutaka picha ya uso wake, kwa hiyo tulikuwa tumechapa picha ya kikombe chake cha chai na viatu vilivyosogezwa ukutani. Aliitazama picha hiyo akacheka. Kisha akamrudishia binti gazeti, akasema, "Nisomee."

Binti akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kadiri alivyokwenda, polepole, na mama akiitikia kwa koo kila aya, kama mtu anayesikiliza barua. Alipofika pale akasoma kwamba mama huamka asubuhi akiwa na ganzi mikononi.

"Ganzi?" mama akauliza. "Mi sikusema ganzi. Ganzi ni neno ya dokta wa kampuni."

Binti hakunitazama. Alitoa kalamu kwenye mkoba, akaweka gazeti juu ya goti, akakata mstari uliochapwa, na juu yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka, akaandika kwa Kiswahili sentensi ya mama kama ilivyotoka kinywani mwake. Mama akaisoma mwenyewe kwa sauti. Akaitikia. Akalichukua gazeti na kulibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la hindi, ukurasa wa kwanza ukiangalia nje.

Nakala nyingine 399 zilikuwa zimekwisha gawiwa mjini.